Maswali Yenu: Draiva Mpya, Lakini Ipi?

Barua za draiva, ile fimbo ndefu ya gofu ya kupigia mbali, zimejaa mezani, tumechagua tano. Majibu yote yanamlenga anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Wahariri, habari za kazi? Handikapu yangu, ile namba ya kiwango cha mchezaji, ni 22. Draiva yangu ina lofti (mwinamo wa uso wake) ya digrii 9 na mpira unakata kulia karibu kila mara. Nimeshauriwa ninunue ile yenye uzito wa kuvuta mpira kushoto. Je, nitapona? – Mteja wa Vichaka vya Kulia

Utapata nafuu, kupona ni jambo jingine. Mpira hukata kulia kwa sababu uso wa draiva uko wazi ukilinganisha na njia ambayo kichwa kinapita wakati wa kugonga. Uzito uliosogezwa upande wa kisigino, yaani karibu na shafti (mpini wa fimbo), husaidia uso kufunga mapema kidogo. Uso ulio wazi sana hautoshelezwi na hilo.

Kabla ya kutoa hela, jua unagongea wapi. Tafuta poda ya miguu ya kupuliza, paka uso wa draiva tabaka jembamba, kisha piga mipira kumi. Kila baada ya mitatu piga picha alama zilizoachwa, futa, puliza upya. Zikirundikana kisiginoni, umepata sehemu ya jibu: kichwa kinapogongwa nje ya katikati hujipinda kidogo, na kwa kugongwa kisiginoni kinaupa mpira mzunguko wa kukata kulia hata kama swingi yenyewe, yaani mzungusho wa fimbo, ilikuwa safi. Alama za upande wa ncha hufanya kinyume chake.

Sasa shika gripu, yaani kishikio, inchi moja chini ya ulipozoea, urudie zoezi. Alama zikihamia katikati, draiva yako ni ndefu mno kwako. Nyingi zinazouzwa zina inchi 45.5 au zaidi, na urefu huo upo kwa sababu unauza mita. Agiza ya 44.5. Lakini usiikate ukaiacha hivyo hivyo: kila nusu inchi inayoondoka hukifanya kichwa kihisike chepesi mikononi, na fundi anapaswa kurudishia gramu 5 au 6 hivi kichwani, kwa kawaida kwa kubadilisha skrubu ya uzito iliyo chini.

Halafu hiyo digrii 9. Wengi wenye slaisi, yaani mpira wa kukata kulia, hununua lofti ndogo wakidhani mpira utaenda mbali, kumbe wanajiumiza. Lofti kubwa huongeza mzunguko wa nyuma, hivyo mhimili wa mzunguko hauinami sana na mpira haupindi sana. Jaribu 10.5, na 12 pia, bila aibu. Kama draiva ina shingo ya kurekebisha, kumbuka kwamba ukiongeza lofti unaufunga uso kidogo, na ukiipunguza unaufungua. Kwa mtu wa slaisi, kupunguza ni kumwagia moto petroli.

Nina miaka 68. Shafti yangu imeandikwa S, niliinunua zamani nikiwa na nguvu. Siku hizi mpira unaruka chini na kufa mapema. Nibadilishe draiva nzima? – Mzee wa Tii ya Kwanza

Shikamoo mzee. Anza na shafti na lofti. Kichwa kinaweza kusubiri.

Herufi kama hiyo S hueleza ugumu wa shafti. Pima kasi ya swingi yako. Kwa kukadiria tu, chini ya kilomita 137 kwa saa watu wengi hufaa shafti ya wazee, inayoandikwa A au M. Kati ya 137 na 153 ni R. Kati ya 153 na 169 ni S. Zaidi ya hapo ni X. Tunasema kukadiria kwa sababu herufi hizo hazina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote. R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule, kwa hiyo usinunue kwa herufi.

Ambacho mwili wako utakihisi kwanza ni uzito. Ukitoka shafti ya gramu 65 kwenda ya 50 au chini kidogo, huenda ukapata kasi bila kujilazimisha. Dalili za kupitiliza ni hizi: mikono inatangulia, mdundo unapotea, mpira unaenda kushoto bila mpangilio. Ikitokea hivyo, panda gramu 5 au 10.

Mpira unaoruka chini na kufa mapema unadai lofti. Digrii 12, hata zaidi, si dalili ya udhaifu. Kwa swingi ya polepole ndiyo inayoubakiza mpira hewani. Angalia pia tii yako, kile kijiti cha kuwekea mpira: draiva ikiwa chini, nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa chake.

Dukani mashine ya kupimia mipigo ilinionyesha mita nyingi kuliko zote nilizowahi kupiga. Uwanjani sizioni. Nimetapeliwa? – Mnunuzi Mwenye Mashaka

Si lazima. Huenda ulinunua mpigo mmoja. Muuzaji alikuonyesha mpira wako bora kati ya ishirini, na kwenye mkeka hakuna mti wala bwawa.

Ukirudi, nenda na draiva yako ya zamani na mipira unayochezea. Ile ya mazoezi haina tabia sawa. Pasha mwili kwanza kwa fimbo za chuma. Piga kumi kwa kila draiva, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama lofti ama shafti. Ukigusa viwili pamoja hutajua kipi kimeleta tofauti. Pumzika katikati, maana mtu aliyechoka huanza kuisingizia fimbo.

Kisha usome wastani na mtawanyiko, usiangalie rekodi. Gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya kichwa: 1.45 ni kazi nzuri, 1.50 ndiyo karibu kilele, na ukiona 1.35 unagonga pembeni. Kwa swingi ya kilomita 140 kwa saa hivi, mpira unaotoka kwa pembe ya digrii 13 hadi 16 ukiwa na mizunguko 2,400 hadi 3,000 kwa dakika uko mahali pake. Ukizidi sana hapo unapaa na kusimama hewani. Ukipungua sana unadondoka. Kati ya draiva mbili, sisi tungechukua ile inayopiga mita tano pungufu lakini mipira minane kati ya kumi inabaki kwenye fawei, yaani njia ya majani yaliyokatwa.

Urefu wa mwisho wa draiva unaoruhusiwa ni upi? Na naweza kubadilisha lofti katikati ya raundi? – Mpenda Sheria

Inchi 48, na ujazo wa kichwa sentimita za ujazo 460. Tangu Januari 2022 mashindano ya ngazi ya juu yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Kubadilisha lofti kwa makusudi katikati ya raundi hairuhusiwi: ukipiga mpigo kwa draiva hiyo, umeondolewa. Ukiirudisha ilivyokuwa kabla ya kupiga, huna kosa.

Naangalia draiva ya mtumba. Nikague nini? – Mfuko Mwepesi

Itikise karibu na sikio. Kinachogongagonga ndani mara nyingi ni gundi iliyobanduka, na hiyo hutolewa. Pitisha ukucha usoni ukitafuta ufa. Kisha weka rula juu ya uso, kwa mlalo na kwa wima: uso mzima umetuna kidogo katikati, kwa hiyo rula inapaswa kuyumba. Ikitulia na mwanga ukapita katikati, uso umebonyea.

Bandika sumaku usoni. Titani haivutwi, ikinasa, hiyo ni chuma iliyovaa jina la mwingine. Mwisho, dai ufunguo wake na ufungue shafti mbele ya muuzaji. Soketi (kiungio cha mwisho wa shafti) za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye kichwa cha nyingine, na skrubu iliyolika meno ni sababu tosha ya kuiacha mezani.