Mradi wa mafunzo ya ufundi wa fedha za serikali ya nje: yawekeni haya kwenye andiko kabla ya kusaini

Wakuu, mleta uzi anasema chuo chao kilipata mradi wa kunoa walimu na mafundi, uliolipiwa na serikali ya nje. Miaka mitatu ikaisha, mashine sasa zimefunikwa turubai, na mfadhili mwingine amebisha hodi. Waandike nini safari hii?

Anzeni na vitu vinavyoisha. Maandiko mengi yana kurasa kumi za mashine na mstari mmoja wa "vifaa vya mafunzo". Chukua karakana ya uchomeleaji upige hesabu. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kweli anamaliza vijiti 15 vya kuchomelea vya milimita 2.5 kwa siku. Wanafunzi 20 ni vijiti 300. Paketi ya kilo 5 ina takriban vijiti 260, kwa hiyo siku moja paketi nzima haitoshi. Siku 60 za vitendo ni vijiti 18,000, karibu paketi 70, na hapo hujagusa flatibaa, mawe ya grainda, vioo vya kofia wala umeme. Mfadhili akiwapo, ananunua yeye. Akiondoka, mwalimu anagawiwa paketi mbili kwa muhula, anachomelea yeye na darasa linatazama. Cheti kinatoka kilekile.

Dawa yake ni kuweka ndani ya makubaliano kwamba chuo kinalipa sehemu ya vifaa hivyo tangu mwaka wa kwanza, na sehemu hiyo inapanda: tuseme asilimia 20, kisha 50, kisha 80. Chuo kikishindwa kutoa ile 20, mmejua mapema na bado kuna muda wa kupunguza idadi ya wanafunzi au kubadili fani. Kuna wanaotegemea karakana kuuza milango na madirisha. Inawezekana, ila ulizeni kwanza kama kanuni za fedha zinaruhusu chuo kubaki na mapato hayo au lazima yaende hazina. Na wekeni kikomo cha saa za uzalishaji, vinginevyo mwanafunzi anageuka kibarua anayekata bomba zilezile mwaka mzima.

Kuhusu mashine, someni umeme kabla ya kusoma chapa. Marekani na Korea Kusini umeme ni hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), Japani ina 50 upande mmoja na 60 upande mwingine. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiiwasha kwenye 50 ya kwetu inazunguka pungufu kwa moja ya sita, na kwa volti zilezile inavuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto. Haiungui siku ya kukata utepe. Inaungua baadaye, mtaalamu akiwa ameshapanda ndege. Andikeni volti, hezi na idadi ya fezi kwenye vipimo vya zabuni, pamoja na vipuri vya miaka miwili na kitabu cha matengenezo katika lugha ambayo fundi wenu anaisoma.

Halafu kuna ratiba, na hapa ndipo miradi mingi inapopinda. Mkataba wa mtaalamu unaanza mwezi wa kwanza. Mashine zinakwama kwenye zabuni, kisha meli, kisha msamaha wa kodi bandarini, zinafika mwaka wa pili. Mtaalamu anatumia mwaka wa kwanza kuandika miongozo ya mashine ambazo hazipo. Shikilieni kwamba muda wake wa karakana uhesabiwe tangu mashine ziwashwe. Kumkataa mtaalamu anayeletwa na mfadhili si rahisi: pendekezo la 2001 la DAC, kamati ya misaada ya OECD (umoja wa nchi tajiri), la kuondoa sharti la kununua kwa mfadhili halikuhusisha ushirikiano wa kiufundi unaojitegemea, yaani wataalamu na mafunzo yasiyo sehemu ya mradi wa uwekezaji. Mnachoweza kupigania ni hadidu zake za rejea, yaani maelezo ya kazi atakayofanya.

Mafunzo ya wakufunzi nayo yana mtego. Waliofunzwa juu wanawafunza wa chini yao: wiki mbili za kitaifa zinakuwa siku tano mkoani na siku mbili chini kabisa, na kinachokatwa kwanza kila ngazi ni vitendo. Msizidi ngazi mbili. Mradi wa SMASSE wa walimu wa hisabati na sayansi, ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ulijengwa hivyo: wakufunzi wa kitaifa waliwanoa wa wilaya, na wa wilaya wakawafunza walimu. Gharama za wilayani zilitoka kwenye michango ya shule zenyewe. Hilo la pili ndilo watu husahau kunakili.

Kila fani ifunzeni walimu watatu, si mmoja. Yule mmoja akinolewa vizuri anahamishwa au anachukuliwa na kampuni, na kumfunga kwa mkataba ni karatasi tu. Posho ifuate viwango vya serikali. Mkizidisha, wanaokuja kozini ni wenye vyeo, fundi anabaki zamu.

Kiashiria cha "idadi ya waliohudhuria" kikataeni. Pimeni mhitimu akichomelea kiungo mbele ya fundi wa nje ya chuo, kisha mfuateni baada ya miezi 6 na 12 mjue anafanya kazi gani. Siku ya usajili chukueni namba mbili za simu, yake na ya ndugu, maana yake itakuwa imebadilika.

Mleta uzi, zile zilizo chini ya turubai msizifute kwenye orodha bado. Funua moja moja, soma kibati cha nyuma, andika volti, hezi na kilichoharibika. Ukipata mbovu kwa sababu ya kadi ya umeme au beringi tu, hiyo ni bei ndogo kuliko mashine mpya, na ndiyo iwe kipengele cha kwanza cha bajeti. Weka orodha hapa tuitazame.