"Daktari, atapona?" Kwa wanaoanza ICU

Ukianza kazi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, swali hili litakufuata mlangoni, kwenye korido, hata ukiwa umeshika kikombe cha chai. Na mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, ndiye atakayekutesa zaidi kulijibu: asubuhi ameongea na wanawe, jioni yuko kwenye mashine ya kupumulia.

Nilipoanza niliamini jibu limo kwenye alama za SOFA, zinazopanda kadiri viungo vinavyoshindwa kazi. Unapima mapafu, chembe sahani za damu, ini, presha, fahamu na figo, kila kimoja 0 hadi 4, jumla 24. Kwa maana iliyokubaliwa mwaka 2016, maambukizi yakipandisha alama 2 au zaidi, hiyo ni sepsisi, na vifo hospitalini ni kama 10 kwa kila wagonjwa 100. Ikiwa ameshapewa maji ya kutosha, bado anahitaji dawa ya kushikilia wastani wa presha kwenye 65, na lakteti (asidi inayopanda kwenye damu mwili unapozidiwa) imezidi 2, huo ni mshtuko wa sepsisi. Hapo vifo huzidi 40 kwa 100.

Mwezi wangu wa pili tulimpokea mama aliyetoboka utumbo, alama 13. Nikawaita ndugu zake, nikawaambia wajiandae. Akapasuliwa usiku uleule, usaha ukaoshwa. Siku ya tatu alama zilikuwa 7. Aliondoka kwa miguu yake, na mwanawe akaniuliza kwa upole, "Daktari, ulisema tujiandae kwa lipi?"

Nilikuwa nimesoma namba ya kundi zima kama hati ya mtu mmoja. Tena nilikuwa nimeisoma mara moja tu, kabla chanzo cha maambukizi hakijaondolewa. Utafiti wa Brussels uliotoka mwaka 2001, wenye wagonjwa 352 wa ICU, ulionyesha kwamba alama zikipanda ndani ya saa 48 za mwanzo, angalau nusu hufariki, popote zilikoanzia. Kwa hiyo hesabu leo, hesabu kesho, hesabu kesho kutwa.

Na hesabu kwa uaminifu. Ukikuta fomu ina 0 kwenye ini, uliza: bilirubini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya ini, ilipimwa, au kitendanishi kiliisha maabara? Kisichopimwa si sifuri. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi naye usimpe alama mbaya za fahamu kana kwamba ubongo umeharibika. Tumia hali aliyokuwa nayo kabla ya dawa. Mkojo, unaohesabiwa kwenye alama za figo, usiukisie kwa kutazama mfuko ukiwa mlangoni. Muulize sista aliyekesha naye, na ukiwa na busara muulize pia anamwonaje. Mara nyingi ameshajua.

Jambo jingine: vipimo vingi hivi vilitengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Kwetu kuna alama za UVA, za kukadiria hatari ya kufa, zilizotokana na wagonjwa wa Afrika na kuchapishwa mwaka 2017. Hazihitaji maabara kubwa: joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni, fahamu na hali ya VVU. Hata matibabu hayasafiri kirahisi. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha mwaka 2011 kwamba watoto waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ya wale ambao hawakumiminiwa. Zambia, kwa watu wazima, mwaka 2017: mpango wa maji mengi na dawa za presha ulikuwa na vifo 48 kwa 100, huduma ya kawaida 33.

Kipimo cha lakteti kikikosekana, tumia kidole. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa hadi iwe nyeupe, shikilia sekunde 10, achia, hesabu. Damu ikichelewa zaidi ya sekunde 3 kurudi, usiende kulala.

Siku hizi nikiulizwa, najibu: "Amezidiwa sana, na anaweza kufariki. Tumeanza dawa. Kesho kutwa saa kama hizi nitawaambia anaelekea wapi." Kesho kutwa ikifika natoka kuwatafuta mwenyewe, hata kama habari ni mbaya.