Mgeni asipolala Dodoma, hela ya tamasha imeishia wapi?

Mbukwenyi wakuu.

Mtoa mada ana kiwanja Nzuguni, hapa Dodoma, na ameuliza mambo mawili: je, ni sawa serikali itoe ruzuku kuvuta matukio makubwa Dodoma ili utalii ukue, na je, ajenge lodge akitegemea matukio hayo? Waliotangulia wamejibu kwa siasa. Mimi nina gesti ya vyumba tisa Ipagala, niliifungua 2015 kabla serikali haijaanza kuhamia, kwa hiyo nitajibu kwa kitabu cha wageni.

Kitabu kinasema hivi. Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vinajaa Jumatatu mpaka Alhamisi. Hawalali wabunge kwangu, wanalala madereva na watu wa taasisi waliokuja na mafaili. Ijumaa jioni mji unahamia Dar, Jumamosi nabaki na mlinzi. Agosti mwanzoni kuna Nane Nane, na kwa kuwa maadhimisho ya kitaifa yalifanyika hapa 2024 na 2025, siku zile nane nalala mimi mwenyewe sebuleni. Desemba ni kiangazi kwenye biashara hata mvua ikinyesha.

Sasa nikiri kosa langu. Nane Nane ya 2024 nilipandisha chumba kutoka 25,000 hadi 60,000, maana kila mtu mtaani alipandisha. Siku ya tatu mgawo wa maji ukatukuta, nikanunua boza kwa bei ya kulia, na wageni waliolipa 60,000 wakaoga kwa ndoo. Mwaka uliofuata watatu kati yao niliwaona kwa macho yangu wakiingia kwa jirani. Jirani hakuwa na vyumba bora kuliko vyangu. Alikuwa na matangi mawili ya lita elfu tano.

Mke wangu naye ana yake. Kamati moja ya maandalizi ya tukio, sitaitaja, ilimpa oda ya sahani 120 kila siku kwa siku mbili, 5,000 kila sahani. Piga hesabu, ni 1,200,000. Alikopa mchele dukani, akakodi sufuria, akapika, wakala wakasifia. Malipo yalitoka mwezi wa saba tangu apike, baada ya kufuatilia sana, na kila alipokwenda aliambiwa "mama, leta nyaraka upya." Kwa hiyo mtu akiniambia bajeti ya tamasha fulani ni kubwa, mimi nauliza imelipwa kwa nani na lini. Jukwaa, spika, mahema na MC vikitoka Dar asubuhi na kurudi Dar usiku, hela imepita Dodoma kama basi la Mwanza.

Na treni imeongeza ugumu. SGR ilizinduliwa rasmi hapa Agosti 1, 2024, maonesho yakiwa yanaendelea. Zamani mtu wa Dar akija kwa basi alikuwa amekaa kwenye kiti siku nzima, lazima alale. Sasa anafika kwa saa zisizotimia nne, anatembelea mabanda, anakula nyama choma, jioni yuko Pugu, Dar. Naipenda treni, naipanda. Lakini kuhesabu vichwa getini hakutoshi tena. Hesabu vitanda.

Ndiyo maana nilivutiwa na utaratibu wa jimbo la Texas, Marekani. Kule mji unaotaka tukio kubwa, mfano mashindano ya magari, unaomba mapema kwenye mfuko wa jimbo. Wanakadiria kodi itakayoongezeka kwa sababu ya tukio: hoteli, vinywaji, magari ya kukodi. Mji unaweka dola 1 ya kwake, jimbo linaweka mpaka dola 6.25, na hela inarudishwa baada ya tukio kwa gharama zilizothibitishwa. Waliojitokeza wakiwa wachache mno kuliko ilivyoandikwa kwenye maombi, jimbo linaweza kupunguza malipo. Kipengele ninachokipenda zaidi: lazima tukio liwe lilikuwa linashindaniwa na miji mingine nje ya jimbo. Hupewi ruzuku ya mgeni aliyekuwa anakuja tu.

Kwa kipimo hicho, Bunge na Nane Nane visihesabiwe. Hivyo vinakuja hata tukilala. Mimi hela ningeiweka kwenye Jumamosi na kwenye Novemba hadi Januari: mbio za barabarani, mikutano ya vyama vya kitaaluma, mashindano ya kwaya (kwaya moja ni watu arobaini, na hawalali kwenye treni). Kisha sharti: kila tukio lenye ruzuku liwe na siku ya pili nje ya mji. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, ni kilomita kama 180 kutoka hapa na lami ipo. Mashamba ya zabibu Hombolo na Makutupora yako karibu zaidi. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, zeze na ngoma ya muheme, na bado wageni wangu wengi wanalisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Wanasikia likiwa limeshapita.

Kuna mdau juu amesema tozo zinatutosha, ruzuku ni anasa. Ushuru wa huduma nalipa, sinung'uniki. Ningependa tu kuona sehemu yake ikimrudisha mgeni mlangoni.

Kuhusu kiwanja chako mkuu: usijenge vyumba ishirini kwa ajili ya siku nane za Agosti. Anza na sita, matangi kabla ya televisheni, na viwili kati ya hivyo viwe na jiko dogo umpangishe mtumishi kwa mwezi. Mtumishi atakulipia umeme wa Desemba. Ukifika hatua ya msingi ni-PM (nitumie ujumbe wa faragha), nina fundi wa mabomba asiyekimbia na advansi.