Kwa nini kipanya kinagoma juu ya kioo

Ndugu uliyeuliza kwa nini kipanya chako cha kompyuta kinarukaruka kwenye meza ya kioo, hakijafa hicho. Kigeuze uone ule mwanga mwekundu tumboni. Karibu yake kuna kamera ndogo mno inayopiga picha za meza zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Chipu iliyo ndani yake inalinganisha kila picha na iliyotangulia: kidoa fulani cha meza kimesogea upande gani, kiasi gani? Jibu lake ndilo linalosogeza mshale. Sasa kioo kisafi hakina kidoa cha kufuatilia, kamera inabaki kubahatisha. Weka karatasi chini, hata gazeti la jana linatosha. Vipanya vya zamani, vile vya kigololi kinachobingirika chini, havikuwa na kamera ya kuchanganyikiwa, ila kukwangua uchafu kwenye roli zake kwa kucha, acha tu!