Barua kwa mwanangu: walioujua mto kabla ya ramani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Dar sote wazima, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza Wazungu wa kale walichoraje ramani ya mito na maziwa ya bara ilhali nchi hawaijui. Waliuliza watu, mwanangu. Erhardt, mmisionari aliyekaa Tanga, aliwasikiliza wasafiri wa misafara, na mwaka 1856 ramani aliyoiandaa na mwenzake Rebmann ikaonyesha ziwa moja kubwa mno. Wasafiri hawakudanganya. Kila mmoja alieleza maji aliyoyakuta mwisho wa njia yake. Waliounganisha Nyasa, Tanganyika na Nyanza, yaani Ziwa Victoria la leo, ni wachoraji. Burton na Speke, wapelelezi Waingereza, walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, mfanyabiashara Snay bin Amir akawaambia hayo ni maziwa mbalimbali.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mto Rusizi. Je, unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia? Ukitoka, pengine ndio Nile yenyewe! Aprili 1858 Burton na Speke wakaenda kwa mitumbwi hadi Uvira, kaskazini mwa ziwa, na wana watatu wa chifu wakawaambia wazi: unaingia. Wapiga makasia wakagoma kusonga mbele kwa kuhofia watu wa kule, basi wakarudi bila kuuona. Ubishi Ulaya ukaendelea hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa mto. Maji yanaingia, vilevile kama vijana wale walivyosema.

Wageni nao walikuwa na ujuzi wao, usiudharau. Walisoma nyota kujua walipo, na walichemsha maji na kutia kipimajoto ili kujua kimo cha nchi, kwa sababu kadiri nchi inavyoinuka maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Lakini njia, kivuko na mwelekeo wa mto vilitoka kwa watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India. Aliongea na Speke kwa Kihindustani, baadaye akatembea na Stanley, kisha na mpelelezi Cameron hadi Atlantiki. Inaniuma kwamba ziwa kubwa kuliko yote limebaki na jina la malkia ambaye hakuwahi kuliona.

Wewe sasa ni mpima ardhi, na umesema kazi yenu inayofuata ni bonde la Malagarasi. Wavuvi watakaokuonyesha vivuko, waombe ruhusa, kisha waandike majina yao kwenye ripoti.

Baba yako