Niachie kiti chako: maswali ya wasafiri wa ndege

Nilichagua kiti cha dirishani na nikakilipia. Nafika, namkuta bwana keshakaa, ananiambia niende cha kati kule nyuma ili akae na mkewe. Nilikataa, watu wakanitazama vibaya. Nimekosea? (Msafiri, Mwanakwerekwe)

Hukukosea. Yeye alikaa kwanza, akaomba baadaye. Huko ni kukutia haya mbele za watu ili ukubali. Mwenye shida na kiti cha mtu husimama, huamkia, husema shida yake, tena hutoa kiti kilicho sawa na kile anachokitaka au bora zaidi. "Samahani, kiti hiki nimekichagua" ni jibu tosha.

Mama yangu, mtu mzima, anakwenda Umra na kikundi. Hajazoea kukaa ubavuni mwa mwanamme asiyemjua. Aseme nini asimvunjie mtu heshima? (Binti yake, Wete)

Jambo hili halipewi uzito wake, na linaniuma. Bibi zetu hujikunja dirishani mpaka Jeddah, hata msalani hawendi kwa kuona haya kumwinua mtu. Mwambieni kiongozi wa kikundi mapema, kina mama wapangwe safu moja, na mkumbushe tena kaunta. Akiwa keshapanda, asimwambie yule bwana. Amwite mhudumu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nitafutie pahala penye wanawake." Nawe kijana uliyekaa naye, ukiombwa kupisha usidhani umetukanwa. Ukimwona amejikunja, muulize mhudumu wewe, hata kabla bibi hajasema.

Kwenye kijindege cha Pemba nilipanda wa mwanzo nikakaa mbele. Rubani akanihamishia nyuma. Ni haki? (Chake Chake)

Ni haki, usibishane naye. Ndege kama Cessna Caravan huchukua abiria 12 hivi, na uzito wa kila mmoja unahesabika: ukizidi mbele au nyuma, ndege haiongozeki vizuri. Kwa hiyo hata mkikubaliana wawili kubadilishana, muulizeni rubani kwanza.

Nina mtoto mchanga na mwengine wa miaka 4, na tumepewa viti mbalimbali. Nimuombe nani? (Mama, Fuoni)

Kaunta kwanza, kabla ya abiria yeyote. Mchanga wa kupakata hawekwi popote tu: katika ndege nyingi kila upande wa safu una kinyago kimoja tu cha oksijeni cha ziada, na safu ya mlango wa dharura haikaliwi na watoto. Ikishindikana, mhudumu akuombee. Na kwa atakayeombwa nasema wazi: kiti cha ujiani kwa kiti cha ujiani, inuka. Mtoto wa miaka 4 hawezi kufanya safari kati ya watu asiowajua.

Nikikubali kuhama, mzigo wangu wa juu je? (Mkunazini)

Uache hapo hapo, uchukue pasi, pesa na dawa. Na kama uliagiza chakula maalumu, mwambie mhudumu umehama, maana hukipeleka kwa namba ya kiti.