Maswali ya makefile: laibrari ipo, mbona haionekani?

Shikamoo kaka. Nipo Masasi, naandika programu ya kusoma mizani ya korosho ghalani, laptopu yangu ya kawaida tu ila programu itakaa kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Make, chombo kinachojenga programu kwa kufuata makefile, inasema "skipping incompatible" alafu "cannot find -lmodbus", na laibrari nimeiona kwa macho yangu!

Marahaba mdogo wangu. Uliyoiona ni ya laptopu, sio ya Pi. Piga file -L kwenye hiyo libmodbus.so utaona imeandikwa x86-64, aina ya prosesa ya laptopu, na Pi yako ni ARM, sa linka (inayounganisha programu na laibrari) inaiokota, inaichungulia, inaitupa. Usiongeze -L (folda ya kutafutia laibrari) nyingine ya laptopu, wengi wanapotelea hapo hapo. Weka libmodbus-dev kwenye Pi yenyewe, alafu kwa rsync, ile ya kunakili mafaili, vuta /lib, /usr/lib na /usr/include uzitie kwenye folda moja ya laptopu, tuseme ~/pi, na kwenye makefile andika --sysroot=$(HOME)/pi kwenye CFLAGS (maelekezo ya kompaila) na LDFLAGS (maelekezo ya linka), kote kuwili, ili zitafute humo badala ya kwenye laptopu. Ila kagua simlinki, faili zinazoelekeza kwenye faili nyingine: zinazoelekea /usr/lib kwa njia nzima zinakurudisha kwenye laptopu bila kukuaga, mimi zilinila usiku mzima hapa Shangani.

Niko Lindi mjini. Nimeandika CC ?= aarch64-linux-gnu-gcc, kompaila ya Pi, lakini make inatumia cc ya laptopu tu.

Dada, make inayo CC yake tangu inaamka, kwa hiyo ?=, ambayo hujaza pakiwa patupu tu, inakuta kiti kimekaliwa. Andika CC = basi.

Nimeweka -lm, laibrari ya hisabati, kwenye LDFLAGS bado naambiwa "undefined reference to pow". Mikindani.

Hamishia kwenye LDLIBS. Make inaweka LDFLAGS kabla ya faili zako za .o (zilizokompailiwa) na LDLIBS mwishoni, na linka inasoma kushoto kwenda kulia, laibrari ikitangulia kabla hajatokea anayeihitaji inaachwa, hasa Ubuntu ambako --as-needed, yaani kuacha laibrari isiyohitajika, imewashwa tayari.

Kaka, huku Newala imekompaili safi, nikaipeleka kwenye Pi inasema "error while loading shared libraries: libpima.so". Si nilishaweka -L?

-L inaisha kazi pale pale kwenye laptopu. Kwenye Pi anayetafuta ni mwingine, ld.so, anayepakia laibrari programu inapoanza, na yeye folda yako haijui. Unayo libpima.so kwenye folda ya lib pembeni ya programu? Weka LDFLAGS += -Wl,-rpath,'$$ORIGIN/lib', dola mbili, maana moja inaliwa na make, na hizo nukuu ziache ili shell isile iliyobaki. Kisha piga aarch64-linux-gnu-readelf -d kwenye programu, lazima uone NEEDED (laibrari inayohitajika) ya libpima.so na RUNPATH (njia ya kuitafutia) yenye $ORIGIN/lib, $ORIGIN ikiwa ni folda ya programu yenyewe. Ldd ya laptopu, ile inayoorodhesha laibrari za programu, usiitegemee hapo, itakujibu "not a dynamic executable" na programu yako haina tatizo lolote. RUNPATH isipoonekana nitumie mstari mzima wa gcc ambao make imeuchapa, tuutazame wote.